Kusoma Swali Kabla ya Kukokotoa: Stadi za Usomaji katika Vipindi vya Hisabati na Sayansi

Mwanafunzi amepewa swali hili: «Asha ana vitabu 12. Ana vitabu 5 zaidi ya Juma. Je, Juma ana vitabu vingapi?» Anaandika 17. Mwalimu anaweka alama ya kosa, kisha siku inayofuata anarudia somo la kutoa, kwa mifano mingi na mazoezi ya ziada. Lakini mwanafunzi huyu anajua kutoa. Anajua pia kujumlisha, na jumla yake ya 12 na 5 haina dosari hata kidogo. Alichokosea ni kusoma: aliliona neno «zaidi» akalichukua kuwa amri ya kujumlisha, wala hakujiuliza kati ya Asha na Juma ni nani mwenye vitabu vingi. Mazoezi ya kutoa, hata yakiwa mia moja, hayatagusa kosa hilo, kwa sababu hayapo mahali kosa lilipo.

Makala haya yanahusu mahali hapo. Kwa muda mrefu usomaji umehesabiwa kuwa kazi ya mwalimu wa lugha, na mwalimu wa hisabati au sayansi amejiona kuwa mtu anayepokea wanafunzi ambao tayari wanajua kusoma, au ambao kwa bahati mbaya hawajui. Mgawanyo huo unaonekana wa haki, lakini unasahau jambo moja: kuna namna ya kusoma ambayo haipatikani katika hadithi wala katika shairi, bali ndani ya fasili, mlinganyo, jedwali, grafu na maelekezo ya jaribio. Mwalimu wa lugha hakutani na maandishi hayo katika kipindi chake. Yeyote atakayewafundisha wanafunzi kuyasoma, basi, ni yule anayeyatumia kila siku.

Mwaka 1977 mtafiti wa Australia, Anne Newman, alichapisha matokeo ya utafiti uliochunguza makosa ya wanafunzi wa darasa la sita katika maswali ya hisabati yaliyoandikwa. Alipanga safari ya mwanafunzi kutoka swali hadi jibu katika hatua tano: kuyasoma maneno na alama, kuelewa kinachosemwa, kuyageuza maelezo kuwa hesabu inayofaa, kukokotoa, na mwisho kuliandika jibu kwa namna inayotakiwa. Njia yake ya kuchunguza ilikuwa nyepesi mno, nayo bado inatumika: unaketi na mwanafunzi aliyekosa, unampa swali lilelile, na kumwambia akusomee, akueleze swali linamtaka afanye nini, akuambie atapataje jibu, akuonyeshe anavyofanya, kisha aliandike jibu. Mahali anapokwama kwa mara ya kwanza ndipo chanzo cha kosa. Newman aligundua kwamba sehemu kubwa ya makosa hutokea kabla mwanafunzi hajaifikia hatua ya kukokotoa, na wengine waliorudia uchunguzi wake baadaye walikuta hali kama hiyo. Maana yake ni kwamba mwalimu anayesahihisha kwa kuangalia hesabu peke yake anaangalia hatua ya nne, huku mwanafunzi wake amekwama katika ya pili au ya tatu.

Mfano mwingine unatoka Ufaransa, karibu na mwaka 1980, ambapo watafiti wa Grenoble waliwapa watoto wa shule ya msingi swali hili: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10; je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97 walioulizwa, 76 walitoa jibu kwa kutumia namba hizo. Wengi wakisikia kisa hiki huwacheka watoto, nami naona si haki. Watoto wale walikuwa wamejifunza vizuri sana kile ambacho darasa liliwafundisha bila kukusudia: kwamba kila swali la hisabati lina jibu, kwamba namba zilizotajwa lazima zitumike zote, na kwamba maneno yaliyozizunguka ni mapambo tu. Ukiwa na imani hizo tatu, 36 ni jibu la busara kabisa.

Imani hizo mara nyingi huimarishwa na dawa ambayo walimu wengi huitoa kwa nia njema, yaani orodha ya maneno ya vidokezo. Ukutani hubandikwa karatasi inayosema «jumla» na «zaidi» maana yake ni kujumlisha, «baki» na «tofauti» ni kutoa, «kila» ni kuzidisha, «gawana» ni kugawanya. Kwa wiki chache alama hupanda, kwa sababu maswali ya mwanzo yametungwa kuifuata orodha ileile. Kisha linakuja swali la vitabu vya Asha, na orodha inamsaliti mwanafunzi. Mwaka 1995 Mary Hegarty, Richard Mayer na Christopher Monk walichapisha utafiti uliofuatilia miendo ya macho ya watu waliokuwa wakitatua maswali ya aina hii. Wale waliokosa mara kwa mara waliporudi kwenye swali walizirudia zaidi namba na maneno ya uhusiano, ilhali waliofaulu walirudi zaidi kwenye majina ya vitu vinavyozungumziwa, wakijenga akilini picha ya hali yenyewe kabla ya kuchagua hesabu. Orodha ya ukutani humfundisha mwanafunzi kusoma kama kundi lile la kwanza. Ningeshauri ibanduliwe, na nafasi yake ichukuliwe na swali moja analojiuliza kila mara: hapa nani au nini kina zaidi, na nimejuaje?

Kusoma hakuko kwa aina moja. Mwaka 2008 Timothy na Cynthia Shanahan walichapisha kazi iliyolinganisha namna wataalamu wa hisabati, kemia na historia wanavyosoma maandishi ya fani zao, na tofauti walizozikuta zilikuwa kubwa. Wanahisabati walisoma polepole, wakirudia na kupima kila neno, kwa sababu katika uthibitisho neno moja dogo linaweza kuangusha hoja nzima. Wanakemia walihama tena na tena kati ya maelezo, michoro na fomula, wakiyachukulia yote kuwa maelezo ya jambo moja. Wanahistoria walitaka kwanza kujua nani ameandika na kwa kusudi gani. Mwanafunzi aliyezoea kusoma hadithi, ambamo aya isiyoeleweka inaweza kurukwa na kisa kikaendelea, huja na mazoea hayohayo kwenye kitabu cha jiometri, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hapa mwendo ni mwingine.

Tuanze na neno, kwa sababu ndipo walimu wengi wanapoanzia, na pia ndipo wanapoishia. Tatizo kubwa haliko kwenye maneno mageni kama «usanisinuru», kwa kuwa neno geni hujitangaza: mwanafunzi anajua kwamba halijui, na mwalimu anakumbuka kulieleza. Maneno yanayodanganya ni yale anayoyajua tayari. «Kazi» katika fizikia ni zao la kani, yaani nguvu inayosukuma au kuvuta kitu, na umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo, na kwa hiyo mtu aliyesimama bila kutikisika akiwa ameshika ndoo iliyojaa maji kwa nusu saa, jasho likimtoka, hajaifanyia ndoo ile kazi yoyote. «Uzito» katika mazungumzo ni kilogramu, lakini katika fizikia uzito ni kani inayopimwa kwa newton, na kilogramu ni kipimo cha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Mwanafunzi aliyesoma sentensi isemayo «uzito wa mwanaanga hupungua akiwa mwezini lakini tungamo lake halibadiliki» akiwa na maana moja tu ya uzito kichwani ataiona kuwa inajipinga yenyewe, naye atakariri bila kuielewa.

Kuna maneno mengine ambayo lugha yenyewe imeyabebesha maelezo, ila hatuwaonyeshi wanafunzi. Chukua jozi ya «kigawo» na «kigawe», ambayo huwachanganya hata wale wazuri, na matokeo yake ni kwamba Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika hubadilishana nafasi kwenye mtihani. Irabu ya mwisho inasema kila kitu. Mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Vivyo hivyo kigawe ni kile kinachogawanywa. Ufagio, kwa upande mwingine, ni kitu cha kufagilia, na kigawo ni namba ya kugawia. Kwa hiyo 4 ni kigawo cha 12, kwa kuwa inaigawa bila baki, na 12 ni kigawe cha 4, kwa kuwa inagawanywa nayo. Dakika tano za kulichambua neno kwa namna hii zinamwokoa mwanafunzi kuliko kuandika fasili mara kumi, na zaidi ya hapo zinampa njia ya kulisoma neno jingine atakalokutana nalo akiwa peke yake.

Maneno madogo ndiyo yenye hatari zaidi, kwani hayamo katika faharasa yoyote. Tofauti ya «iliongezeka kwa 20» na «iliongezeka hadi 20» ni neno moja, nayo inatosha kubadilisha jibu. «Toa 5 kutoka kwenye 12» huanza na 5, lakini hesabu yake huandikwa 12 − 5, kinyume na mfuatano wa maneno. «Angalau 3» na «si zaidi ya 3» huelekea pande mbili tofauti. «Au» katika hisabati hukubali yote mawili yatokee pamoja, wakati mtu akikuuliza utakuja leo au kesho anatarajia uchague siku moja. Mwalimu mwenyewe huyapita maneno haya bila kuyaona, kwa sababu ameyazoea, na hapa ndipo shida ya mtaalamu ilipo: usomaji wake umekuwa wa haraka na wa ndani kiasi kwamba hajui tena kwamba anasoma.

Fasili inastahili kuzungumziwa peke yake, maana ni maandishi mafupi kuliko yote na ndiyo yanayohitaji muda mrefu kuliko yote. Wanafunzi wengi wakiulizwa namba tasa ni nini husema ni namba inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Kwa maneno hayo, 1 ni namba tasa: inagawanyika kwa 1, na inagawanyika kwa yenyewe. Mwalimu akisema hapana, 1 si tasa, mwanafunzi huipokea kama amri isiyo na sababu. Lakini kitabu kikiandika kwamba namba tasa ni namba nzima chanya yenye vigawo viwili tu vilivyo tofauti, neno linalofanya kazi yote ni «viwili», nayo 1 ina kigawo kimoja. Kuisoma fasili ni kuijaribu: ni namba gani inaingia, ni ipi inayokaribia kuingia lakini inabaki nje, na ni neno lipi linaloizuia? Mwaka 1969 Dorothy Frayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitengeneza mpango wa kujifunza dhana ambao baadaye uligeuzwa kuwa karatasi yenye visanduku vinne, vya fasili, sifa, mifano na mifano isiyofaa. Karatasi hiyo imeenea sana mashuleni, lakini mara nyingi kisanduku cha mwisho hujazwa kwa uvivu. Ukiwa unashughulikia namba tasa, kuandika 8 kama mfano usiofaa hakufundishi kitu. Kuandika 1, na kutaja neno la fasili linaloitoa, kunafundisha.

Alama nazo husomwa, na zina sarufi yake. Robert Recorde, mwanahisabati kutoka Wales, alipoitumia alama ya = kwa mara ya kwanza katika kitabu cha mwaka 1557 alichagua mistari miwili sambamba ya urefu mmoja, akieleza kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Lakini mtoto aliyeanza na 3 + 2 = 5 na kuendelea hivyo kwa miaka huisoma alama hiyo kama «andika jibu». Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, wanafunzi wa darasa la sita walipewa 8 + 4 = ☐ + 5 wajaze nafasi, na kati ya 145 hakuna aliyeandika 7; waliandika 12 au 17. Hawa walikuwa karibu kuanza aljebra, ambayo haiwezi kueleweka hata hatua moja kwa mtu asiyesoma = kuwa ni usawa wa pande mbili. Dawa yake haina gharama: mwalimu aandike 5 = 3 + 2 mara kwa mara, aandike 4 + 6 = 7 + 3, na kila mara aisome kwa sauti «ni sawa na», kamwe asiseme «inaleta».

Herufi za aljebra zina mtego wake. Mwaka 1981 John Clement na wenzake waliripoti swali walilowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi: chuoni wanafunzi ni mara sita ya maprofesa, andika mlinganyo. Zaidi ya theluthi moja walikosa, na kosa kubwa lilikuwa 6W = P badala ya W = 6P, ikiwa W ni idadi ya wanafunzi na P idadi ya maprofesa. Waliisoma W kama kifupi cha neno wanafunzi, kwamba «wanafunzi 6 kwa profesa 1», kumbe herufi ile ni namba. Kosa hili hujitengeneza mapema, pale tunapowaambia watoto kwamba 3m + 2m ni maembe matatu na maembe mawili. Ni mfano mtamu, unaeleweka upesi, na unapanda mbegu ya usomaji mbaya ambao mwanafunzi atafika nao chuo kikuu. Afadhali kuandika kwa maneno kamili, kila herufi inapoingia, kwamba m ni idadi ya kitu fulani, na kumtaka mwanafunzi aujaribu mlinganyo wake kwa namba: maprofesa wakiwa 10, je, wanafunzi wanatoka 60?

Maandishi ya sayansi yana ugumu wa namna tofauti, nao haumo zaidi katika maneno bali katika ujenzi wa sentensi. Mwezi Septemba 1974 ulifanyika Nairobi mkutano uliodhaminiwa na UNESCO na mashirika mengine kuhusu uhusiano wa isimu na ufundishaji wa hisabati, na hapo ndipo mwanaisimu Michael Halliday alipozungumzia rejesta ya hisabati, yaani kwamba fani haina msamiati wake tu, bali ina namna yake ya kuunda maana na kujenga hoja. Katika kazi zake za baadaye alionyesha jinsi lugha ya kisayansi inavyogeuza matukio kuwa nomino. Soma sentensi hii: «Ongezeko la halijoto husababisha kuongezeka kwa kasi ya mvukizo.» Haina mtu, haina maji, haina hata kitenzi kimoja cha jambo linalotendeka isipokuwa «husababisha». Ukiifungua inakuwa hivi: maji yakipata joto zaidi, hugeuka mvuke haraka zaidi. Mwanasayansi hakuibana ile ya kwanza kwa kupenda ugumu. Ameibana ili «mvukizo» uwe kitu anachoweza kukitaja tena katika sentensi inayofuata, akilinganishe, akipime na kukiwekea grafu. Kwa hiyo mwanafunzi anahitaji njia zote mbili: kuifungua sentensi iliyobanwa ili aielewe, na kuibana aliyoielewa ili aandike ripoti yake. Hilo ni zoezi la dakika chache ubaoni, sentensi moja kwa kipindi, nami sijui zoezi linalobadilisha uandishi wa ripoti za sayansi kwa haraka kuliko hili.

Maelekezo ya majaribio yanaonekana kuwa mepesi, lakini chunguza hili: «Ongeza matone 3 ya iodini baada ya kupoza kimiminika kilichochemshwa kwa dakika 5.» Mpangilio wa maneno ni kuongeza, kupoza, kuchemsha, mpangilio wa vitendo ni kuchemsha, kupoza, kuongeza. Mwanafunzi anayesoma huku anatenda atatia iodini mwanzo kabisa, na rangi ya bluu-nyeusi inayoonyesha kuwapo kwa wanga haitaonekana inavyotakiwa, kwa sababu katika kimiminika cha moto rangi hiyo hufifia. Mwalimu atasema kwamba hawakuwa makini. Walikuwa makini, walifuata mfuatano wa maandishi. Kabla ya kugusa chombo chochote, kila kundi liandike upya maelekezo kwa mfuatano wa vitendo, kwa namba, na mwalimu apite akiangalia.

Michoro huachwa kabisa, kana kwamba picha hujieleza. Grafu ya umbali na muda inayopanda, inakwenda sawa kidogo, kisha inashuka, husomwa na wanafunzi wengi kuwa ni picha ya mtu anayepanda mlima, anatembea kileleni na kuteremka. Kwa kweli inamhusu mtu aliyekwenda, akasimama, akarudi alikotoka, na barabara inaweza kuwa tambarare. Kusoma grafu huanza kwenye mihimili na vipimo vyake kabla ya mstari, na mazoea hayo hufundishwa kwa kuuficha mstari kwa karatasi na kuwataka wanafunzi waseme kwanza: mhimili huu unapima nini, kwa kizio gani, na mstari ukiwa mlalo ungemaanisha nini?

Sasa mwalimu afanyeje katika kipindi cha dakika arobaini? Njia ninayoithamini kuliko nyingine ni kusoma na kufikiri kwa sauti mbele ya wanafunzi, kwa sababu inaufanya usomaji wa mtaalamu uonekane. Tuseme swali ni hili: «Tangi lina lita 240 za maji. Bomba linaingiza lita 8 kila dakika, na tundu lililo chini linatoa lita 3 kila dakika. Tangi likijaa huchukua lita 400. Litajaa baada ya dakika ngapi?» Mwalimu anasoma sentensi ya kwanza na kusimama. «Tangi lina lita 240. Halikusema tangi la lita 240. Lingesema ‹la›, ningejua ujazo wa tangi. Limesema ‹lina›, kwa hiyo haya ni maji yaliyomo sasa. Ujazo wake siujui bado, naendelea.» Anasoma ya pili. «Maji yanaingia na kutoka kwa wakati mmoja. Kinachoingia kinazidi kinachotoka, kwa hiyo maji yanapanda, ila si kwa 8.» Anafika kwenye 400 na kurudi mwanzo: «Kumbe kilichobaki kujazwa ni 160.» Hapo hajakokotoa muda hata kidogo, na kazi ngumu imekwisha, 160 kwa 5 ni dakika 32. Wanafunzi wamemwona mtu mzima anayejua hesabu akisita, akirudi nyuma, akitofautisha «la» na «lina». Wengi wao walidhani kwamba anayejua husoma mara moja tu.

Siku nyingine swali hilohilo linaweza kuandikwa bila sentensi yake ya mwisho, na wanafunzi wakaambiwa watunge maswali yanayoweza kujibika kwa habari zilizopo. Mwanafunzi asiye na cha kukokotoa hulazimika kuitazama hali. Au swali liandikwe bila namba kabisa, tangi lenye maji kiasi, bomba na tundu, nao waeleze itakuwaje tundu likitoa kwa kasi kuliko bomba. Namba zikirudishwa baadaye hukuta picha imeshajengwa.

Ziko njia nyingine zilizopimwa vizuri. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha matokeo ya kufundishana kwa zamu, ambapo wanafunzi katika kikundi kidogo hutabiri, huuliza, hufafanua na hufupisha, kila mmoja akiongoza kwa zamu yake. Michelene Chi na wenzake, mwaka 1989, walionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliojieleza wenyewe sababu ya kila hatua walipokuwa wakisoma mifano iliyokokotolewa ndio waliofaulu zaidi kutatua maswali mapya. Hii ya pili inafaa sana kwa hisabati, kwani kitabu kimejaa mifano iliyokokotolewa, na wanafunzi huipitisha macho kama mtu anayeangalia mandhari. Kuwataka waandike kando ya kila mstari «kwa sababu...» kunabadilisha namna wanavyokitumia kitabu.

Mwanafunzi anayejifunza kwa lugha isiyo yake ya kwanza anabeba mzigo wa ziada, nao hufichwa na ufasaha wake wa mazungumzo. Jim Cummins ameandika tangu mwaka 1979 kuhusu tofauti ya lugha ya mazungumzo na lugha ya kitaaluma: ya kwanza huweza kushikwa kwa takriban miaka miwili, ya pili huchukua mitano hadi saba au zaidi. Mwalimu anayemsikia mwanafunzi akicheka na wenzake kwa lugha ya darasani huamini kwamba lugha si tatizo tena. Kumruhusu ajadili swali kwanza kwa lugha anayoimudu, kisha aandike kwa lugha ya somo, ni hatua ya kuifikia lugha hiyo ya kitaaluma, na pia huonyesha kama alichokosa ni hisabati au ni maneno yake.

Lipo jambo ambalo naliona zito kuliko ukosefu wa mbinu, nalo ni huruma yetu. Wanafunzi wakishindwa kusoma ukurasa wa kitabu, tunausoma kwa niaba yao: tunaufupisha ubaoni, wananakili, tunaeleza swali la mtihani wa majaribio kwa maneno rahisi, tunaonyesha ni kanuni ipi itumike. Somo linakwenda vizuri, wote wanaelewa, na ukurasa haukusomwa na mtu yeyote isipokuwa mwalimu. Mwaka unaofuata wanakuja wakiwa hawajui kusoma ukurasa mwingine, na mwalimu wa mwaka huo naye anawahurumia. Kumsaidia mwanafunzi hapa ni kukaa naye kwenye ukurasa uleule mgumu, kusoma aya moja badala ya tano, na kukubali kwamba siku hiyo mambo machache yatafundishwa.

Walimu watasema muda hautoshi, na ni kweli kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu. Lakini muda unaotumika kurudia mada ambazo wanafunzi walizijua tayari, kwa kuwa kosa la kusoma lilidhaniwa kuwa la kukokotoa, nao hutoka katika vipindi vilevile. Anayetaka kuona ukubwa wake achukue rundo la madaftari ya jaribio la mwisho, achague wanafunzi watano waliokosa swali moja la maelezo, na kumwita kila mmoja kwa dakika tatu. Asimwonyeshe alikokosea. Amfungulie swali tu, amwambie, «Nisomee,» na akishamaliza kusoma amuulize, «Swali linataka nini?» Kisha anyamaze, hata kimya kikiwa kirefu, asubiri jibu la mwanafunzi mwenyewe.